Kitinda mimba ni mimi, anayemtunza baba ni mke wangu

Desemba iliyopita nyumba yetu ya Kibosho ilijaa. Kaka zangu wawili walipanda kutoka Dar na familia zao, dada mkubwa akatoka Mwanza. Mbuzi akachinjwa, mbege ikanywewa, watoto wakacheza migombani mpaka giza likaingia. Baba alikaa barazani kwenye kiti chake, blanketi magotini, na kila mjukuu akipita anaulizwa ni wa nani.

Jioni ya tarehe 26 dada alimpandisha baba mkono wa sweta, akaushika mkono wake, akasema kwa sauti iliyofika jikoni: "Mbona mzee amekonda hivi? Hapa anakula kweli?"

Mke wangu alikuwa anamenya ndizi za mtori. Nilisikia kisu kimesimama. Mimi nilikuwa pale pale, glasi mkononi, na sikusema neno. Ukimya ule umenikaa kifuani tangu siku hiyo.

Kwetu Wachaga, kwa desturi, kifungua mimba akioa hutengewa kihamba chake, yaani shamba la migomba la ukoo, na kitinda mimba hubaki na wazazi. Nyumba ya baba huwa yake, na wazee huwa wake. Kitinda mimba ni mimi. Majirani wakinikuta kwenye Hiace ya kushuka Moshi mjini huniambia, "Wewe una radhi ya mzee," nami nimekuwa nikizipokea hizo baraka kama haki yangu. Lakini natoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kwenda dukani Mbuyuni, narudi usiku. Ndugu zangu hutuma pesa kwa simu kila mwezi, bima ya afya ya baba iko kwa kaka, na kwa hilo sina ugomvi nao hata kidogo. Ila nani anaamka saa nane usiku kumshika mkono mpaka msalani? Nani amegundua kwamba kikombe cha kawaida kinamshinda, akamtafutia cha plastiki chenye mikono miwili, na chai isijazwe zaidi ya nusu? Nani anafua shuka?

Baba aliuza kahawa kupitia KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, akatusomesha wote wanne. Deni hilo ni letu sisi wanne. Mke wangu hakusomeshwa kwa kahawa ile hata muhula mmoja. Mama yake mzazi yuko Rombo, mzee vilevile, na kwa mwaka anamwona mara mbili. Amri ya Nne tuliyoikariri katekisimu, waheshimu baba na mama, ni yake pia, na utii wake kwa mama yake umekuwa ukiishia kwenye simu kwa sababu mikono yake iko kwa baba yangu.

Niliwahi kusoma kuhusu Wachina na neno lao xiao, yaani heshima na utumishi wa mtoto kwa wazazi. Herufi yake ina alama ya mzee juu na ya mtoto chini, kama mtoto amembeba mzazi wake. Na mwaka 2013 sheria yao ilianza kuwadai watoto wanaoishi mbali wawatembelee wazazi wao mara kwa mara. Herufi ile niliitazama muda mrefu. Mzee yupo, mtoto yupo. Mkwe simwoni.

Mapema Januari, wageni walipokwisha ondoka, nilikata isale pale mpakani mwa kihamba. Kwetu aliyekosa hubeba jani hilo kwenda kwa aliyemkosea, na huyo hatarajiwi kulikataa. Sijawahi kusikia mwanaume akimpelekea mkewe. Nilimkuta zizini anakamua, nikampa kwa mikono miwili, nikamwambia nimekosa kwa kunyamaza. Aliliangalia, akalichomeka ukutani, akamaliza kukamua. Kisha akasema, "Nimekusamehe, baba watoto. Jumamosi kucha za mzee utakata wewe."

Dada nilimpigia siku ileile, nikamweleza yote. Alilia, akaomba aongee na wifi yake. Waliongea nusu saa, sikusogea karibu.

Jumamosi nikaweka beseni. Kucha za miguu za baba zimekuwa nene na ngumu kama pembe, lazima ziloweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Nilianza na kidole gumba. Mke wangu, kutoka mlangoni: "Kata moja kwa moja, usizungushe kona, itamwingia nyamani." Nikakata moja kwa moja. Nilipoushika mguu wa kushoto baba alishtuka, akaurudisha nyuma.

"Huo polepole," akasema. "Kisigino kinauma."

Sikuwa najua. Mke wangu alikuwa anajua tangu Pasaka.