Kumpeleka mpwa Ziwa Ellis, Mlima Kenya

Kijana wa Likoni amezoea kupumua usawa wa bahari, kwa hivyo msipande siku ileile mliyofika. Laleni kwenye lango la Chogoria, karibu mita 2,950, kesho yake ndipo muelekee ziwani, karibu mita 3,500. Kichwa kikimuuma hadi atapike, teremkeni mara moja. Panado hunyamazisha maumivu tu.

Maharagwe yaacheni nyumbani. Kule maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, kwa hivyo mtamaliza gesi na punje bado ngumu. Tambi na uji zatosha. Kibiriti cha gesi hugoma kwa baridi, kilazeni kwapani kwanza. Jinzi? Ikilowa haikauki. Leso ya nyanyake ni bora, afunge shingoni.