Jeshini Ulikuwa Unafanya Kazi Gani? CV ya Anayerudi Uraiani

CV nyingi za waliotoka jeshini zinaanza namna moja: namba ya askari, cheo, kikosi, tarehe ya kuapishwa, tarehe za kupandishwa cheo, medali. Kisha kwenye uzoefu wa kazi unakuta mstari mmoja tu: "Askari wa JWTZ, 2010 hadi 2022." Miaka kumi na miwili yote imeishia hapo. Halafu mtu anashangaa mbona haitwi kwenye usaili.

Anayeisoma CV hiyo ni afisa rasilimali watu wa kiwanda cha Barabara ya Nyerere, au wa bandari kavu kule Kurasini. Hajui Stafu Sajenti anafanya nini kutwa nzima, wala hajui tofauti ya Afisa Mteule na Luteni Usu. Ana rundo la maombi mezani na anatafuta mtu wa kutunza ghala. Usipomwambia kwamba ulitunza ghala, hatakuuliza. Atafungua CV inayofuata.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda steshenari kuchapa chochote, kaa na daftari. Andika kila jukumu uliloshika, hata lile la miezi mitano, na kila jukumu ulijibie maswali manne. Nilikuwa nasimamia watu wangapi? Vifaa gani vilikuwa mikononi mwangu? Nilikuwa najaza kumbukumbu gani? Kitu gani kilikwenda vizuri zaidi kwa sababu nilikuwepo? Swali la nne ndilo linalowashinda wengi, maana jeshini kazi ikifanyika sawasawa hakuna anayeitangaza. Lakini ukaguzi uliopita bila hoja ni matokeo. Magari yaliyotoka asubuhi bila kuharibika njiani ni matokeo. Kuruta uliowafundisha wakafaulu, hayo pia ni matokeo.

Tuchukue bohari, kwa kuwa ni kazi iliyoko kila kikosi na ghala ziko kila pembe ya Dar. Mtu ameandika hivi:

"Koplo, msaidizi wa kwatamasta. Majukumu: kutekeleza kazi zote za bohari kwa nidhamu na uaminifu."

Mtu huyohuyo, kazi ileile, angeweza kuandika hivi:

"Mtunza bohari, 2015–2021. Kupokea, kuhifadhi na kutoa sare, vyakula na vipuri vya magari vya aina zaidi ya 200. Kujaza leja na kadi za bohari kila siku. Kuhesabu mali kila mwisho wa mwezi na kuoanisha na leja. Kuandaa taarifa za upungufu na za mali chakavu. Kusimamia wasaidizi 3."

Meneja wa ghala la Vingunguti akisoma maelezo haya ya pili anaona mtu wa kuanza naye Jumatatu. Neno "kuoanisha" linamwambia kwamba huyu anajua mali ya rafuni na mali ya kwenye karatasi huwa hazilingani zenyewe. "Mali chakavu" inamwambia kwamba ameshafuata taratibu za kufuta vitu kwenye leja, wala hakuvitupa kimyakimya. Wala hakuna kilichotiwa chumvi. Kitakachofuata ni swali la kompyuta, kwa hiyo kama leja zako zote zilikuwa za mkono, jifunze Excel kabla ya kutuma maombi, angalau kuingiza bidhaa, kujumlisha na kuchuja. Angalizo: usijiite afisa ugavi. Taaluma hiyo ina bodi yake, PSPTB, na mwajiri makini ataulizia usajili. "Mtunza bohari" inatosha, na ni ya kweli.

Hizo namba zina mpaka. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haikuachii kwa sababu umevua sare. Hesabu kilichopita mikononi mwako: wasaidizi, aina za bidhaa, magari uliyohudumia, watu uliowafundisha. Usiandike kikosi kizima kina askari wangapi, silaha za aina gani, malindo yako wapi, wala doria zinapita saa ngapi. Usiambatishe nakala ya hati ya ndani ya kikosi kama ushahidi wa kazi. Ukiona mstari unakutia wasiwasi, uondoe, maana hakuna mwajiri wa kiraia atakayekunyima kazi kwa kukosa idadi ya bunduki. Na picha ya pasipoti iwe ya shati la kawaida. Sare iache kabisa.

Uongozi nao unaharibiwa na maneno makubwa. "Uongozi bora, uzalendo, uvumilivu, uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo" yako kwenye CV za watu ambao hawajawahi kuongoza hata kikao cha harusi. Sajenti aliyeongoza seksheni ana kitu kizito zaidi cha kusema: alipanga zamu za saa 24 za watu wapatao kumi, alikagua vifaa vyao kabla ya kazi, aliandika ripoti ya kila tukio, alishughulikia makosa ya nidhamu ya ngazi ya kwanza na aliwafundisha wapya. Msimamizi wa zamu kiwandani anafanya hayohayo. Yaandike jinsi yalivyo, na cheo kitaje mara moja tu, pembeni ya jina la kazi.

Kuna jambo linaniuma katika hili. Hapa mjini, neno "jeshi" kwenye CV linasomwa "mlinzi". Fundi mitambo wa miaka kumi anapigiwa simu ya kwenda kukaa getini. Kama kazi ya ulinzi ndiyo unayoitaka, sawa, ni kazi ya heshima, lakini omba nafasi inayolingana na uzoefu wako: msimamizi wa zamu, mkufunzi wa walinzi, mwendeshaji wa chumba cha kamera. Kama huitaki, basi malindo na doria zikae chini kabisa ya orodha au zisiwepo, na mstari wa kwanza chini ya jina lako useme "Fundi wa magari makubwa" au "Fundi umeme". Ukiiacha CV iseme "askari", usimlaumu anayekuona mlinzi.

Kwa mafundi na madereva, vyeti ndivyo vinavyoamua. Kuendesha lori la jeshi peke yake hakukupi daraja la leseni ya kiraia. Hakikisha leseni yako iko hai na ina daraja la gari unaloliomba, na iandike kwenye ukurasa wa kwanza pamoja na uzito wa magari uliyoendesha. Fundi aliyejifunzia karakana ya jeshi bila cheti cha kiraia aende VETA aulizie utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo: unapimwa kwa vitendo, ukifuzu unapewa cheti. Fundi umeme aangalie leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Muuguzi wa hospitali ya jeshi aweke usajili wake wa Baraza la Wauguzi na Wakunga juu kabisa, kabla hata ya elimu.

Waliokwenda ulinzi wa amani Darfur, Kongo au Lebanon, hiyo msiifiche. Taja misheni kwa jina lake, UNAMID, MONUSCO au UNIFIL, mwaka, na kazi uliyoifanya: kuandika ripoti kwa Kiingereza, kufanya kazi na watu wa mataifa mengine, kusindikiza misaada. Mashirika ya kimataifa yenye ofisi Masaki na Oysterbay yanayajua majina hayo.

Vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), hesabu yenu ni tofauti. Aliyekwenda kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita aweke mstari mmoja chini ya mafunzo, na asiuite uzoefu wa kazi. Kumbuka pia mafunzo hayo yalisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, kwa hiyo anayekusaili huenda hakuyapitia kabisa. Ukimwandikia "Operesheni Magufuli" bila maelezo, anaweza kudhani ulikwenda vitani, kumbe ni jina la kundi lenu la mafunzo. Aliyejitolea miaka miwili ana cha kuandika zaidi: shamba la ekari ngapi, mifugo mingapi, jengo gani. Kama ulikuwa kwenye ujenzi wa ukuta wa Mirerani, sema kama ulisuka nondo, ulimwaga zege au uliendesha mtambo. "Nilishiriki" haimwambii mkandarasi chochote.

Ukiomba serikalini kupitia Ajira Portal, soma masharti ya tangazo lote, mpaka mwisho. Mara nyingi kuna ukomo wa umri wa miaka 45 kwa asiye kazini serikalini, na waliostaafishwa katika utumishi wa umma hawaruhusiwi kuomba bila kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. "Testimonial" na hati za matokeo hazikubaliwi. Wanataka vyeti vyenyewe. Majina yanayotofautiana kati ya cheti cha shule, NIDA na hati za jeshi ni tatizo la kawaida sana: lishughulikie kisheria kabla tangazo halijatoka, maana siku za maombi ni chache. Nafasi za mlinzi mara nyingi hutaja mafunzo ya JKT au mgambo kama sifa, na hapo cheti chako cha JKT ndicho cha kuambatisha.

CV yenyewe isizidi kurasa mbili, kwa lugha iliyotumika kwenye tangazo. Wadhamini watatu watoshe, na angalau mmoja awe raia anayekujua kikazi. Makamanda huhamishwa, namba za ofisini hubaki na mtu mwingine, kwa hiyo weka simu ya mkononi ya mdhamini na mwombe ruhusa kwanza. Kisha mtumie CV ileile uliyoipeleka kwa mwajiri. Akipigiwa simu akasema tu "alikuwa askari mzuri, ana nidhamu", wakati wewe umeandika mtunza bohari wa miaka sita, aliyepiga atabaki na mashaka. Akisema "huyo alikuwa ananihesabia mali kila mwisho wa mwezi", aliyepiga ameshapata jibu lake.