Miguu Iliyolala Kifudifudi

"Mjomba, huyu dada mbona hana miguu?"

Hata kabla sijageuka nilijua kafika ukurasa gani. Ni kile kitabu cha wapiga picha wa Afrika, mnakijua, kila mgeni hukivuta kwenye rafu. Picha ilipigwa na Malick Sidibé, Bamako, Mali, Krismasi ya 1963: kijana wa suti na msichana pekupeku wanacheza, vichwa vimekaribiana, macho chini wanatazama hatua zao. Kwenye nakala yangu hatua hazipo. Kuanzia magotini ni weupe mtupu, wenye manyoya.

Ilikuwa AC. Bomba la kutolea maji liliziba, yakadondokea rafu usiku kucha. Asubuhi nikakifanyia nilivyozoea kuzifanyia riwaya: nikafuta jalada, nikakifunga, nikakiwekea kamusi mbili juu kisijikunje. Nikakifungua siku ya tatu.

Utangulizi, uliochapwa kwenye karatasi ya kawaida, uliachia bila tabu, mawimbimawimbi tu. Picha zilikuwa kwenye karatasi ya kung'aa, gramu 150, nazo zilikuwa tofali. Karatasi ile hung'aa kwa kuwa imepakwa udongo mweupe laini uliochanganywa na gundi. Maji huiamsha gundi hiyo. Kurasa mbili zikibanwa na kukaukia pamoja, zimeshakuwa ukurasa mmoja, na kamusi zangu ndizo zilizobana.

Nikachemsha birika, nikaweka ukingo juu ya mvuke kama mtu anayefungua barua ya mwenzake. Kona ikalegea. Nikapenyeza kisu cha siagi, nikavuta. Mlio ule bado ninao: krrr, taratibu, kama plasta inavyobanduka na malaika ya mkono. Sentimita moja safi. Ya pili safi. Nikajipa moyo, nikavuta ya tatu, ukurasa wa kushoto ukaachia wino na udongo wake wote, ikabaki nyama ya karatasi. Mvuke hufungua bahasha kwa sababu hulegeza gundi tu. Hapa gundi ndiyo iliyoshika picha yenyewe, ukiilegeza vyote vinaondoka.

Ilitakiwa nisikifunge kabisa. Kikiwa bado kimelowa, unachomeka karatasi ya kuokea keki kila baada ya ukurasa, unakisimamisha wima kimefunguka kama kipepeo, feni ikiwa mbali. Juani usikipeleke, jalada litapinda ndani kungali maji. Na kama huna nafasi siku hiyo, kizungushie nailoni ukitie kwenye friza, kati ya samaki ukipenda. Barafu huzuia kurasa zisikauke hadi upate muda wa kuzitenganisha moja moja.

Ukurasa wa kulia una picha ya mpiga picha mwingine, Seydou Keïta: mwanamke aliyejilaza, nakshi juu ya nakshi. Kwenye shuka alilolalia pana bato jeupe, kubwa kama kiganja.

"Miguu ipo," nikamwambia. "Imelala kifudifudi pale. Wino uko chini, tunaona mgongo wake."

Akaweka ukucha juu ya lile bato. "Tukikwangua tutaiona?"

Nikamkataza. Alipolala nikachukua wembe, nikajaribu pembeni, kidogo tu. Kikatokea kitu cheusi. Huenda ni kisigino. Huenda ni shuka.