Gari Limeshaingia Uani, Mbona Usingizi Hauji?

Wiki ya kwanza baada ya kununua gari huwa nzito kuliko miezi yote ya kulitafuta. Pesa imeshatoka, ufunguo uko mfukoni, majirani wameshapita kupongeza. Kisha saa tisa za usiku mnunuzi anaamka, anashika simu, anatazama magari ya aina ile ile yanauzwa kwa ngapi. Akiona la bei ya chini, anajiona kaibiwa. Akiona la bei ya juu, anajiambia hilo ndilo zima, lake lina siri. Hakuna bei itakayomlaza.

Haya namwandikia mtu huyo, hasa wa hapa Mombasa, ambako magari ya Japani yanateremka Kilindini na kila nyumba ina mjomba au shemeji anayejua yadi ya bei nzuri. Wasiwasi wake una mambo mawili yaliyoshonana: la chuma na la moyo. La chuma hujibiwa na fundi, karatasi na kipimo. La moyo halijibiwi na fundi hata akishusha injini yote chini. Anayeyachanganya hupeleka gari gereji mara tano kutafuta utulivu ambao gereji haiuzi, au hujifariji kwa maneno matamu huku oili inavuja.

Kwanza ujue kwamba kutotulia baada ya kuchagua ni jambo la kawaida, na limechunguzwa. Mwaka 1956 Jack Brehm, mtafiti wa saikolojia wa Marekani, aliwapa wanawake vyombo vya nyumbani, mfano kibaniko cha mkate, wavipime kwa kadiri wanavyovipenda. Kisha kila mmoja akachagua kimoja kati ya viwili akapewa. Walipovipima tena, kilichochaguliwa kilipanda na kilichoachwa kilishuka, zaidi pale ambapo viwili vile vilikuwa karibu sawa. Akili ilikuwa ikifanya kazi ya kufunga shauri. Kazi hiyo yataka mlango ufungwe. Mwaka 2002 Daniel Gilbert na Jane Ebert waliwapa wanafunzi wa upigaji picha nafasi ya kubaki na picha moja. Walioambiwa wanaweza kuibadilisha baadaye waliipenda picha yao kidogo kuliko walioambiwa hakuna kubadilisha. Kila unapofungua simu kutazama bei usiku, unaufungua mlango ule upya. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hii, na haina mbadala: futa zile programu za kuuzia magari, jitoe kwenye magrupu ya WhatsApp ya madalali, kwa siku 30. Soko halitakwambia jipya, kwa sababu hununui tena.

Hatua ya pili ni karatasi moja. Andika tarehe uliyolipa, kisha uandike ulichokuwa ukikijua siku ile tu: bajeti yako, magari mengine uliyoyaona, aliyekusaidia kukagua, kilichokufanya uliache lile jingine. Usiandike kitu ulichokijua baadaye. Hapa ndipo kujilaumu kunapokosa haki. Ukishajua gia inagonga, akili hukusadikisha kwamba dalili zilikuwa wazi tangu mwanzo na wewe hukuziona kwa ujinga. Hazikuwa wazi. Ungeziona, usingenunua. Kama karatasi inaonyesha uliruka hatua, kwa mfano ulilipa kabla ya fundi kulitazama, basi liandike kosa hilo kwa jina lake, mstari mmoja: «Nililipa kabla ya ukaguzi.» Hilo ni kosa la kitendo, na kitendo hurekebishwa. «Mimi mjinga» halirekebishwi na chochote, wala si kweli.

Wengi wetu huku pwani huswali istikhara kabla ya jambo kubwa, kisha gari likianza kutoa mlio tunafanya kana kwamba hatukuomba. Katika hadithi aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (s.a.w.) anaanza kwa kuhimiza mtu akazane na lenye kumfaa na aombe msaada kwa Mwenyezi Mungu, kisha akifikwa na jambo asiseme «lau ningefanya hivi», kwa kuwa neno lau hufungua kazi ya shetani. Watu huinukuu nusu ya pili wakaiacha ya kwanza. Zote mbili zinahitajika hapa: kazana na chuma, kisha nyamaza na lau.

Sasa chuma. Kitengee asubuhi moja, si wiki nzima, na fundi ambaye hakuwa na mkono katika mauzo, mwenye skana ya kusoma kompyuta ya gari. Injini iwe baridi, haijawashwa tangu jana, maana injini iliyopashwa moto huficha mengi. Fungua kifuniko cha oili utazame upande wa ndani: rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yamekutana na oili. Washa, mtu asimame nyuma. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe wa dakika chache asubuhi ni mvuke tu, lakini ukiendelea injini ikishapata moto na ukanukia utamu, kulanti, yaani maji ya kupozea injini, inaingia pasipo pake. Betri nzima iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, injini ikinguruma isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikisoma chini ya hapo, tazama altaneta, kifaa kinachochaji betri, kabla ya kununua betri mpya. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kuwa na meno marefu na bado imezeeka, na joto letu haliisamehei.

Chini ya gari ndiko Mombasa kunakotofautiana na Nairobi. Hewa ya chumvi hula chuma, na gari lililokaa miaka karibu na bahari, Nyali au Shanzu, laweza kung'aa juu na kuoza chini. Chukua bisibisi, gusa pale penye kutu. Ile ya juu juu inayotoka kwa brashi ya waya hupakwa rangi ya kuzuia kutu na maisha yanaendelea. Bisibisi ikizama, hiyo ni kazi ya kuchomelea na inahitaji bajeti. Rejeta nayo ina adui wa hapa hapa: maji ya kisima. Visima vingi vya kisiwani na kando ya bahari vina chumvi, na aliyekuwa akijazia rejeta kwa maji hayo ameacha ukoko ndani ya mirija. Maji yakitoka rangi ya kutu, safisha mfumo wote kisha weka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa (distilled).

Halafu kuna lile dimbwi. Gari jipya limeegeshwa Tudor, mwenyewe anatoka asubuhi anakuta pana maji chini, moyo unaruka. Gusa kwa kidole. Maji safi yasiyo na harufu, baada ya kutembea na eesi (kiyoyozi cha gari), ni unyevu wa hewa yetu uliogeuzwa maji na eesi ukadondoka. Eesi isiyodondosha maji Mombasa ndiyo ya kutilia shaka. Ya kijani au ya waridi na yenye utelezi ni kulanti. Kahawia au nyeusi ni oili ya injini. Nyekundu mara nyingi ni ya gia au ya stelingi. Kipande cha kadibodi kilicholazwa chini usiku kucha kitakwambia rangi na mahali panapovuja, na huo ni ushahidi bora kuliko dhana kumi.

Na milio. Masikio ya mnunuzi wiki ile yamekuwa makali kuliko kawaida. Anasikia vitu ambavyo mwenye gari wa zamani alishaacha kuvisikia. Usivipinge, viandike: kasi gani, barabara gani, ukikata kona au moja kwa moja, ukishika breki au la, eesi imewashwa au imezimwa. Mlio unaotokea mara tatu katika hali ile ile ni kazi ya fundi. Mlio uliousikia mara moja Makupa ukapotea, uache kwenye karatasi.

Karatasi za gari zitazame mara moja, vizuri. Namba ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma ilingane na logibuku herufi kwa herufi. Rekodi ya NTSA, mamlaka inayosajili magari, itoe mwenyewe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, usikubali picha ya skrini uliyotumiwa. Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji katika akaunti yake, nawe ukaukubali katika yako. Usilale na ahadi ya «nitaanzisha Jumatatu», kwa sababu sheria ya barabarani inatoa siku 14 tu za kutumia gari lililobadilisha mmiliki kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa. Wengine hupata karatasi ya mnada wa Japani baadaye, wakaona alama wakafadhaika. A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni mahali paliponyooshwa na kupakwa rangi, na tarakimu inayofuata huonyesha ukubwa, 1 ikiwa ndogo. A1 na U1 kwenye gari la miaka saba ni uzee wa kawaida. XX ni kipande kilichobadilishwa. Daraja la R au RA ndilo linalosema gari lilipata ajali likatengenezwa, na hilo lastahili fundi apime fremu.

Pesa huogopesha zaidi ikiwa haijaandikwa. Tuseme ulikopa shilingi 800,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio, miezi 36. Kila mwezi ni kama 28,100, na riba yote ni kama 212,000. Namba hizo si ndogo, lakini zina mwisho na tarehe. Ongeza bima, mafuta, na mfuko wa matengenezo ya mwanzo. Mimi hushauri asilimia 10 ya bei ya gari, iwekwe kando kabla hata ya kununua viti vipya au redio. Oili na filta zote zibadilishwe hata kama muuzaji kasema ni mpya. Injini ya Toyota ya 1NZ-FE, kwa mfano, inataka lita 3.7 pamoja na filta. Kwa giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na hatua za gia, weka ile oili iliyotajwa na mtengenezaji, usikubali «hii ni sawa tu», kwani oili isiyo yake huua giaboksi polepole na kisha lawama zote utajitupia wewe. Kama uligundua ulizidishiwa 60,000, igawanye: ukilitumia miaka sita, ni shilingi 833 kwa mwezi. Inauma, na una haki ya kuumia, lakini haitoshi kumnyima mtu usingizi miaka sita.

Kwa wasiwasi wenyewe, ipo njia iliyojaribiwa na Thomas Borkovec na wenzake mwaka 1983: kuuwekea saa yake. Chagua nusu saa moja, mahali pamoja, kila siku. Baada ya alasiri inafaa, pale barazani au Mama Ngina ukitazama meli zinavyoingia. Kitandani haifai kabisa. Wasiwasi ukija saa nne asubuhi, uandike neno moja na uuambie subiri. Ikifika saa yake, chukua orodha, na kila kilichomo kipe kazi (kumpigia fundi, kupima volti, kumkumbusha muuzaji uhamisho) au kipige mstari. Siku za mwanzo hautatii. Rudia tu. Wengi hukosea kwa kuufanya wakati huo uwe wa kuomboleza bila kalamu, wakatoka wamechoka zaidi.

Watu watasema. Ami atauliza bei, atacheka, atasema angekupatia kwa laki moja pungufu. Mjibu kwa adabu: «Ahsante ami, lingine tukinunua tutakuita mapema.» Huna deni la kumtajia bei mtu yeyote isipokuwa mwenzio wa nyumbani na wa bima. Mwenzio mwambie yote, pamoja na ule mstari mmoja wa kosa. Siri ya bei baina ya mume na mke huzaa hofu kubwa kuliko gari lenyewe.

Ikiwa ukaguzi umetoa jambo zito, chasisi hazilingani au injini imepasuka na ulihakikishiwa ni nzima, usiliendeshe na usilitengeneze kwanza. Mwandikie muuzaji kwa maandishi, hifadhi risiti, mkataba na jumbe zote, chukua ripoti ya fundi yenye tarehe na sahihi. Namba zilizochezewa ni za polisi. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 hupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, hapa Mombasa ipo, unaweza kujitetea mwenyewe bila wakili, na sheria inataka kesi imalizwe ndani ya siku 60.

Na ikiwa chuma kizima, karatasi safi, lakini wiki ya tatu hulali, huli, unajichukia au unafikiria kujidhuru, hilo si la gari tena. Nenda hospitali ya Coast General pale Makadara au kitengo cha afya ya akili Port Reitz, nenda na mtu unayemwamini, siku hiyo hiyo.

Siku ya 30 ikifika, toa ile karatasi. Weka tiki penye kazi zilizokwisha, andika mafuta uliyotumia na kilomita ulizotembea, ikunje, uiweke katika bahasha ya logibuku. Oili ya pili uiandikie hapo hapo nyuma yake.