Siku Moja Maishani Mwangu: Kuutafuta Mti Ndani ya Jiwe

Saa moja asubuhi. Najaza karai maji, nafuta vumbi kwenye lenzi yangu ya mkononi, ile inayokuza mara kumi. Kazi yangu ni kupokea mawe yanayookotwa na watu na kuwaambia ni kitu gani. Wengi huja na swali lilelile: huu ni mti uliogeuka jiwe, au ni jiwe tu? Leo yapo kumi na manne mezani.

Saa mbili. Yote majini. Jiwe kavu huficha mambo, likilowa mistari hujitokeza. Na mistari ndiyo inayowaponza watu. Manane nayaweka kando mapema: ni mawe ya mchanga yenye matabaka ya kutu. Ukipitisha kidole unahisi chembe za mchanga, na mistari yake inanyooka kutoka ukingo hadi ukingo, haijali umbo la shina.

Saa nne. Yamebaki sita. Kisu cha chuma hakiachi mkwaruzo kwenye matano. Hiyo ni silika, madini yanayounda mchanga mwingi, yenye ugumu unaokaribia 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10. Shina lililofukiwa haraka kwenye tope au majivu ya volkano, pasipo hewa ya kuliozesha, hupenywa na maji yenye silika hadi kila seli ijae. Lakini gumegume nalo ni silika, na akiki, jiwe la vito lenye mistari, pia. Ugumu peke yake hautoshi, na mawili kati ya haya ni gumegume tupu: laini kama nta palipovunjika, bila alama yoyote ndani.

Saa sita. Hapa sina haraka. Jiwe la ukubwa wa ngumi, rangi ya kutu, ubavuni lina michirizi kama gome. Ubavu peke yake siuamini, kwa sababu hata jasi ina nyuzinyuzi. Naligeuza nitazame kichwani, pale ambapo msumeno ungekata gogo. Chini ya lenzi kuna vitundu vidogo mno, vimejipanga safu kwa safu kama masega ya nyuki. Safu zinabanana, zinakuwa nyeusi, kisha ghafla zinaachana tena: msimu umekwisha, mwingine umeanza. Na kuna mistari myembamba inayotoka kwenye kiini kwenda nje, ikizikata pete hizo. Huu ni mti! Jiwe linalofuata lina pete nzuri kuliko hili, ila hakuna kinachozikata, nazo zinafuata kona za shimo lililozizaa. Hiyo ni akiki.

Saa nane. Lile la sita, lililokwaruzika. Tone la asidi hidrokloriki iliyozimuliwa linatoa povu, maana yake kalsaiti, madini yanayounda chokaa. Miaka yangu ya mwanzo nilimrudishia mama mmoja jiwe la namna hii nikamwambia ni chokaa, bila hata kuligeuza. Miti mingine hujazwa kalsaiti badala ya silika, na jambo hilo nilijifunza baadaye. Bado linaniuma. Kwa hiyo nalifuta, nalitazama kichwani: vitundu vipo, safu zipo. Mti wa pili.

Saa kumi. Limebaki moja gumu. Lina kifundo pale tawi lilipochomoza, umbo lote ni la tawi, ila ndani ni fuwele za kwatzi tu, yaani silika. Kwa hilo silikatai. Magogo ya Arizona, Marekani, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 200, mengi yake seli zimefutika namna hiyo hiyo. Hata kukosa pete si kasoro, kwani mti uliokua pasipo misimu huenda usiwe nazo. Lakini umbo tupu haliniruhusu kuandika “mti”.

Saa kumi na moja. Naandika vibandiko: miti miwili, kumi na moja si miti. La kifundo nalirudisha karaini. Kesho asubuhi, jua likiingia dirishani kwa ubavu, nitalitazama tena upande wa kichwa.