Belo langu siku hizi lipo Newark

Nyie mliowahi kusubiri belo la mitumba likifunguliwa pale soko la Memorial, Moshi, mtanielewa bila shida. Kile kimya cha sekunde mbili kabla kamba haijakatwa, halafu mikono ishirini inaingia kwa mpigo. Sasa mimi naishi Leicester, Uingereza, huu mwaka wa kumi na moja, na belo langu siku hizi ni Newark, gulio la vitu vya kale linalofanyika kwenye uwanja wa maonyesho huko Nottinghamshire. Ni ekari kama 84, na likijaa meza zinafika 2,500. Zamani pale palikuwa uwanja wa ndege za kivita, kwa hiyo ni tambarare tupu na upepo haukutani na kitu chochote mpaka ukupate wewe. Gambuti, themosi ya chai, tochi. Siku ya kwanza kiingilio ni ghali kuliko ya pili ila ndo siku yenyewe, ukija ya pili unakuta wenzako washachambua wamekuachia vikombe vya harusi ya mfalme.

Mimi natafuta vitu viwili tu, pikipiki za zamani na sinema za zamani, na kama vikikutana kwenye kitu kimoja ndo hapo mkono unaanza kutetemeka. Pikipiki yenyewe sinunui jamani, nikaiweke wapi, naishi ghorofa ya tatu. Naongelea makorokoro yake: spidomita za Smiths, makopo ya oili, beji za klabu, vitabu vya maelekezo, na upande wa sinema mabango na zile picha zilizokuwa zinabandikwa mlangoni ili ujue ndani kuna nini kabla hujatoa hela.

Sasa, picha inayoniumiza kichwa ni The Great Escape ya 1963. Ile ya mateka wa vita kwenye kambi ya Wajerumani wanaochimba shimo watoroke, halafu Steve McQueen anakimbiza pikipiki na kuruka seng'enge. Mzee wangu aliiona ujanani na hadi leo anaisimulia kwa mikono miwili, na kila akifika pale pa kuruka lazima asimame kwenye kiti. Nimeshindwa kumwambia mambo mawili. La kwanza, steringi hakuruka yeye, aliyeruka ni rafiki yake Bud Ekins, mcheza pikipiki wa California, kwa sababu hakuna mtengeneza picha mwenye akili angemwachia steringi wake avunjike shingo filamu haijaisha. La pili, ile pikipiki ya Mjerumani si ya Mjerumani, ni Triumph TR6 ya Kiingereza kutoka kiwanda cha Meriden karibu na Coventry, imepakwa rangi na kuvalishwa ifanane na BMW ya jeshi. Hadithi ni ya 1944, na mwaka huo TR6 ilikuwa haijazaliwa! Halafu kuna vipande McQueen alivaa gwanda za Kijerumani akawa dereva wa wale wanaomfukuza, yaani anajikimbiza mwenyewe. Hilo la mwisho nadhani mzee angelipenda.

Basi nilivyokuwa mgeni wa mambo haya nilipigwa. Gulio jingine, sio Newark, jamaa mmoja mpole kabisa ana bango la hiyo picha, lile la Kiingereza la kulala, inchi 30 kwa 40, limechakaa vizuri, mikunjo inaonekana, pauni 90. Nikapatana mpaka 75 nikajiona mjanja. Nimefika nyumbani nalitandaza mezani napitisha kidole kwenye mkunjo, hamna kitu. Laini kama kioo. Mikunjo ilikuwa imechapishwa pamoja na picha! Mtu kapiga picha bango la kweli akalitoa kwenye printa na makovu yake yote. Nililiangalia muda mrefu mke wangu akauliza kama kuna msiba.

Tangu hapo kidole kinatangulia macho. Mabango ya miaka ile yalisafirishwa kwenye majumba ya sinema yakiwa yamekunjwa, tabia ya kuyaviringisha ilikuja kushika miaka ya themanini, kwa hiyo bango la 1963 lisilo na mkunjo hata mmoja mwenyewe ana maelezo ya kutoa. Angalia chini kabisa kama kuna jina la mchapishaji, mengi ya Uingereza utakuta W. E. Berry wa Bradford. La Kimarekani mara nyingi lina namba pembeni inayoanza na mwaka, 63 mkwaju halafu tarakimu, na ukiona herufi R mbele ujue ni la picha ilivyorudishwa sokoni baadaye, bei ishuke. Vibao vya chuma vya matangazo navyo hivyohivyo, cha kweli kizito na rangi ina tabaka unazihisi kwa kucha, cha kughushi chepesi na kutu imekaa kwa adabu kuzunguka matundu ya skrubu tu.

Wenzangu wanataka vitu visafi. Mimi nikiona matundu ya pini kwenye kona nne nafurahi, maana kuna mtu alipanda kwenye stuli akaibandika ile kitu na watu wakasimama mbele yake wakahesabu hela zao.

Safari hii ya juzi mchana ulishapita, nina soksi mbichi na sijashika kitu. Nilipita meza moja ya vitu vya Brough Superior, pikipiki zilizokuwa zinaundwa hapo hapo jirani Nottingham, ndo aina aliyoanguka nayo Lawrence wa Arabia, yule afisa wa Kiingereza wa vita ya kwanza ya dunia, akafa Mei 1935, na mmoja wa madaktari waliomhudumia, Hugh Cairns, baadaye akaja kuchunguza vichwa vya wapanda pikipiki wa jeshi mpaka helmeti zikachukuliwa kwa uzito. Wewe unayekataa helmeti ya bodaboda kwa sababu inanuka, hiyo historia yako. Katangazo kadogo tu ka gazeti jamaa alitaka pauni 60, nikamrudishia kwa mikono miwili.

Meza ya mwisho karibu na choo, bibi mmoja ana boksi la karatasi chini ya meza, kila kitu humo kimechanganyikana na mapishi ya keki. Namulika na tochi. Kuna picha ya mlangoni ya The Great Escape, inchi 8 kwa 10, McQueen juu ya pikipiki, matundu manne ya pini. Chini yake, siamini, kitabu cha maelekezo cha BSA Bantam.

Sasa Bantam ndo pikipiki ya mzee. Alikuwa karani wa ushirika, anaipanda milimani kwenye vituo vya kahawa. Bantam ni aina ya kuku wadogo, kwenye tenki kuna jogoo, kwa hiyo kijijini ikaitwa Jogoo na mzee akaitwa Baba Jogoo. BSA, kampuni ya Kiingereza, walianza kuitoa 1948, na mchoro wenyewe ni wa DKW ya Kijerumani, ulichukuliwa kama fidia ya vita, Harley-Davidson na Warusi nao wakatoa ya kwao kutoka mchoro huohuo. Kwa hiyo kwenye picha Mwingereza kajifanya Mjerumani, na kwenye migomba yetu Mjerumani kajifanya Mwingereza.

Nikamuuliza bibi bei ya mwisho ya vyote viwili. Akanitazama, akatazama mvua. "Ishirini na sita, mpenzi." Sikupatana, kwa mara ya kwanza maishani.

Usiku nikampigia mzee video, nikamwonyesha ukurasa wenye alama ya kidole ya oili ya mtu wa zamani, unaoelezea kuchanganya oili na petroli. Hakusubiri nisome, akaanza kunifundisha, kifuniko cha tenki ndo kipimo, usizidishe itatoa moshi, ukipunguza pistoni inakwama. Dakika ishirini. Halafu akanyamaza, akauliza nimetoa shilingi ngapi. Nikamtajia.

"Na pikipiki yenyewe iko wapi?"

Nikamwambia mzee, pikipiki sina.

"Sasa hiyo oili unachanganyia nini?"