Mboga kwenye chai ya asubuhi: kwanza kamua maji

Ukiweka mchicha mbichi moja kwa moja kwenye mayai ya kukaanga, matokeo yanajulikana: yai limekatikakatika, na chini ya kikaango kuna maji ya kijani. Watoto wanasusa, na kesho yake nyumba inarudi kwenye mandazi na chai. Majani mabichi ni maji kwa karibu asilimia tisini, nayo huyaachia wakati uleule yai linapoganda. Kwa hiyo maji yatoke kabla, na saa ya kufanya hivyo ni usiku, wakati wa kuosha vyombo vya chakula cha jioni.

Chambua fungu moja la mchicha, tupa mizizi na mashina magumu. Osha majani yakiwa mazima kwenye beseni la maji mengi, kisha yainue kwa mikono. Usiyamwage pamoja na maji, maana mchanga uliotuama chini utarudi juu ya majani. Rudia hadi chini ya beseni kuwe safi. Katakata baada ya kuosha, si kabla. Majani yaliyokatwa yakilowekwa huacha vitamini C na folati (aina ya vitamini B) kwenye maji utakayoyamwaga. Weka kwenye sufuria bila kuongeza maji, funika, moto wa kati, dakika mbili au tatu. Yakishanywea, mimina kwenye chujio, yapoe, kisha kamua kwa mkono kwa nguvu. Usishangae fungu zima likabaki kama ngumi. Gawa madonge madogo, moja kwa kila mlaji, weka kwenye chombo chenye mfuniko ndani ya friji. Yatumie ndani ya siku mbili au tatu. Sukuma wiki inataka kukatwa nyembamba sana na kupewa dakika tano, vinginevyo itakuwa ya kutafuna kama kamba. Kiporo cha mboga ya jana kilicholala kwenye friji nacho kinafaa, mradi mchuzi wake uchujwe.

Kama huna friji, usilaze mboga iliyopikwa kwenye joto la Dar au Mombasa. Tumia zile zinazolala vizuri zikiwa mbichi na nzima: karoti, hoho, kabichi. Kukwaruza karoti moja asubuhi hakuchukui hata dakika mbili.

Sasa mayai. Kwa mtu mmoja: mayai mawili, donge moja la mchicha, robo kitunguu, nusu nyanya iliyotolewa mbegu na ute wake, mafuta vijiko viwili vya chai. Kaanga kitunguu kilainike, weka nyanya, koroga hadi irojeke na mafuta yaanze kuonekana pembeni. Tawanya mchicha kwa vidole, kwa sababu donge likiingia zima litabaki zima. Hapa sikiliza kikaango. Maji yakiwa bado yamo, kinatoa sauti ya kuchemka, nzito, na mvuke unapanda. Yakiisha, sauti inakuwa kavu na ya haraka. Ndipo umimine mayai, si mapema zaidi. Chumvi iweke kwenye mayai uliyopiga. Ukiinyunyiza kwenye mboga inavuta maji upya. Punguza moto, funika dakika mbili, zima. Hakuna haja ya kugeuza, na kugeuza ndiko kunakovunja.

Wauza rolex wa Uganda, yaani mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati, hupiga mayai pamoja na kabichi mbichi na vitunguu ndani ya kikombe, wakamimina vyote kwa pamoja. Wanafanikiwa kwa sababu kabichi imekatwa nyembamba mno na bamba la chuma la kukaangia lina moto wa kutosha. Kwa jiko la nyumbani, usizidishe kiganja kimoja cha kabichi kwa mayai mawili.

Siku mayai yakipanda bei, chapati za maji zinabeba mboga vizuri zaidi kuliko watu wanavyodhani. Unga wa ngano kikombe kimoja, yai moja, maji kikombe kimoja na robo, chumvi nusu kijiko cha chai, karoti moja ndogo iliyokwaruzwa upande wa matundu madogo, na donge la mchicha lililokatwakatwa tena. Mimina maji kidogo kidogo, maana karoti nayo itaachia ya kwake. Acha mchanganyiko utulie robo saa. Chapati ikichanika unapoigeuza, ama vipande vya mboga ni vikubwa, ama umeigeuza kabla uso wa juu haujakauka.

Kwa uji, boga ndilo rafiki. Chemsha, ponda nusu kikombe kwa kila lita ya uji, litie uji ukishaiva, kisha chemsha tena dakika tatu. Boga huongeza uzito, kwa hiyo punguza unga kidogo tangu mwanzo. Kijiko cha siagi ya karanga si cha ladha tu: rangi ile ya manjano ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, nayo huhitaji mafuta ili ifyonzwe.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Mihogo, magimbi na viazi vya asubuhi havimo kwenye hesabu hiyo, hata vikiwa vimechemshwa bila mafuta.

Limebaki suala la chai, na najua hapa nagusa pabaya. Chai, ya rangi au ya maziwa, ikinywewa pamoja na mlo hupunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye mboga za majani. Kwa mjamzito au mtu mwenye upungufu wa damu, ni vizuri kuisogeza mbele kama saa moja, na mezani kuweka vipande vya nyanya mbichi, hoho au chungwa, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Asiyeweza kuanza siku bila kikombe cha moto, aweke tangawizi na mchaichai kwenye birika, majani ya chai yasubiri hadi saa nne asubuhi.